Uvimbe Mgumu wa Taya la Ng'ombe

Ndugu mfugaji wa Ayany, nawe wa Kawangware mwenye ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba, mpapase ng'ombe wako mataya leo kabla hujakamua. Ukikuta uvimbe mgumu kama jiwe, usiosogea, ulioshikana na mfupa mahali pa magego, usiseme alijigonga tu.

Ugonjwa huu huletwa na vijidudu viitwavyo aktinomisesi, vilivyopewa jina Ujerumani mwaka 1877. Hukaa kinywani mwa ng'ombe mzima bila kumdhuru mpaka vipate kidonda. Nasi wa mjini tunavipa vidonda vingi! Twakata majani kando ya barabara na kuokota maganda sokoni, na humo mna miiba na vipande vya waya. Ufizi ukichomwa, vijidudu huingia mpaka mfupani.

Mwanzoni ng'ombe hula kama kawaida, ndiyo maana watu hupuuza. Baadaye uvimbe hupasuka, hutoka usaha wenye chembe za manjano kama mchanga, meno hulegea, kutafuna humshinda, naye hukonda.

Usitumbue kwa kisu. Hilo si jipu, ni mfupa. Mwite daktari wa mifugo. Wengine huogopa kumwita, wakidhani wataamriwa kuondoa ng'ombe. Lakini sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 imekubali ufugaji wa mjini kwa kibali. Daktari humdunga ayodini katika mshipa wa damu, akirudia mara kadhaa kila baada ya siku 7 hadi 10, pengine pamoja na penisilini. Akitokwa machozi na makamasi, na ngozi ikitoa mba, mwarifu daktari upesi, maana ayodini imezidi. Kama ana mimba, sema kabla ya sindano. Maziwa usiuze wala usiwape watoto mpaka zipite siku atakazotaja.

Mfupa uliokwisha kufura haurudi ulivyokuwa. Dawa huuzuia usiendelee. Uvimbe mdogo ukizuiwa mapema, ng'ombe aweza kukamuliwa miaka mingine. Lakini meno yakiwa yanacheza, naona heri apelekwe machinjioni mbele ya mkaguzi wa nyama, dawa ikiwa imekwisha mwilini. Mkaguzi atakitupa kile kichwa, na ugonjwa ukiwa umeenea, nyama yote.

Wakati wa matibabu mpe majani laini yaliyokatwakatwa, katika hori lake peke yake, kwa kuwa usaha hudondokea chakula.