Kivimbe Sikioni: Picha Kwanza, Kisu Baadaye

Mgonjwa anasema sikio moja limeziba. Ametiwa matone ya kulainisha nta, sikio limesafishwa kwa maji, na bado hasikii vizuri. Daktari akimulika, anakuta kivimbe cha mviringo kilichofunikwa na ngozi nzima, bila kidonda wala usaha. Mara chache sana, kivimbe cha namna hiyo huwa kimeota kwenye ala ya neva.

Neva zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo huzungukwa na seli za Schwann, zilizopewa jina la Mjerumani Theodor Schwann, mwanasayansi wa karne ya 19. Seli hizo zikizaliana kupita kiasi, hutokea shwanoma. Si saratani, na hukua polepole, pengine kwa miaka, bila maumivu. Katika eneo la sikio, mara nyingi hutokea kwenye neva ya mizani ya mwili, ndani ya fuvu. Kuipata kwenye mfereji wa nje ni nadra.

Mfereji huo una urefu wa takriban sentimita 2.5 tu, lakini hupokea matawi ya neva kadhaa. Kuna watu wanaokohoa kila wakichokonoa sikio: wameligusa tawi la neva ya vagasi, ile inayoshuka hadi kifuani na tumboni. Nyuma ya ukuta wa mfupa inapita neva ya uso, nayo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Ikiwa uvimbe umeanzia hapo ukajitokeza sikioni, kukata hata kipande kidogo cha kupima kunaweza kupoozesha nusu ya uso: jicho halifumbi, mdomo unakwenda upande.

Kwa hiyo picha itangulie. CT huonyesha mfupa: uvimbe unaokua taratibu huusukuma na kuupanua, ukingo ukabaki laini, ilhali saratani huutafuna. MRI huonyesha uvimbe unakofika. Baada ya upasuaji, maabara ndiyo inayothibitisha, na shwanoma iliyotolewa yote hurudi kwa nadra.

Sikio moja likiendelea kuziba hata baada ya nta kutolewa, muone daktari wa masikio, pua na koo. Ukiambiwa kuna kinyama cha kukatwa, muulize kwanza kama kimepigwa picha.