Mzee wa Calcutta aliyeagiza milango ifunguliwe

Mwaka wa 1971 mzee wa miaka 75 alifika Nairobi, kichwa kimenyolewa, amejifunga shuka la rangi ya chungwa. Katikati ya jiji kulikuwa na hekalu la Radha na Krishna ambalo siku hizo halikuwa na watu. Familia za Kihindi zilizokuwa zikiishi mtaa ule zilikuwa zimehama, na Waafrika wakawa ndio wenyeji. Mzee alipofika kuhubiri, akamwagiza mwanafunzi wake, Mmarekani mmoja mwenye mwili aitwaye Brahmananda, afungue milango ya upande wa barabara. Brahmananda akasita, maana aliona wazi kwamba watu wa mtaani wangejaa mle ndani. Mzee akarudia agizo lile lile. Milango ikafunguliwa, na ukumbi ukajaa kweli: vijana, wapita njia, watu waliokuwa hawajawahi kukanyaga sakafu ya hekalu la Wahindu maisha yao yote.

Stori hii imo kwenye kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na wafuasi, na unajua vile huwa, kila mwamba ngoma huivuta ngozi kwake. Lakini mimi naiamini, kwa sababu moja tu. Hakuna mtu ambaye angejisumbua kutunga hadithi kuhusu mlango kufunguliwa kama kufungwa kwake hakukuwa jambo la kawaida.

Sisi wa huku Nyeri, Karatina, Nanyuki, Murang'a, tunajua. Nimekulia karibu na hekalu dogo katika mojawapo ya miji hii. Kila siku nikitoka shule nilipita kwenye geti lake. Nilijua rangi ya geti, nilijua jina la mbwa, nilimjua soja. Ndani sikuwahi kuona. Siku moja nikiwa darasa la sita nilichungulia tu, soja, ambaye ni Mkikuyu kama mimi, akanifukuza kwa fimbo akiniambia huko si kwetu.

Kabla hatujaenda mbali, wadau, tusaidiane kitu. Mhindi na Mhindu si kitu kimoja. Mhindi ni mtu mwenye asili ya bara Hindi, na anaweza kuwa Mwislamu, Singasinga, Mkristo wa Goa au hana dini. Mhindu ni mwenye dini ya Kihindu. Sensa ya 2019 ilihesabu Wahindu kama 60,000 hivi nchi nzima. Hao ni wachache. Lakini Wakenya wenye asili ya Kihindi walitambuliwa rasmi 2017 kuwa kabila la 44 la nchi hii, kwa hivyo hizi si habari za wageni. Ni za majirani.

Sasa mzee mwenyewe. Alizaliwa Calcutta tarehe 1 Septemba 1896, akapewa jina Abhay Charan De. Dunia inamjua kama A.C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada, mwanzilishi wa watu tunaowaita Hare Krishna. Alisoma Scottish Church College, chuo cha wamisionari kule Calcutta, akamaliza masomo yake 1920, kisha akakataa kuichukua digrii. Gandhi alikuwa akiwahimiza Wahindi kususia mambo ya Mwingereza, naye akaitikia. Mimi pia sina digrii, ila yangu ilikuwa ni karo, Gandhi hakuhusika. Bado nikisoma hapo nilijisikia niko na mtu wangu.

Mwaka wa 1922 alikutana na mwalimu wake wa kiroho, Bhaktisiddhanta Sarasvati, akaambiwa apeleke mafundisho ya Krishna kwa watu wanaoongea Kiingereza. Unajua alilitekeleza agizo hilo lini? 1965. Hiyo ni miaka 43. Katikati hapo alioa, akapata watoto, akafanya biashara ya dawa, biashara ikaanguka. Mwaka wa 1959 alikula kiapo cha utawa, na Agosti 1965, akiwa na miaka 68, akapanda meli ya mizigo iitwayo Jaladuta kuelekea Marekani. Alikuwa na rupia 40 hivi na makasha ya vitabu alivyotafsiri mwenyewe. Njiani moyo ulimsumbua mara mbili karibu afe. Kila ukikutana na kijana wa miaka 24 hapa stendi ya Nyeri akikuambia maisha yamempita, mwambie kuhusu huyu.

Julai 1966 alisajili chama chake New York, kwenye kiduka kilichokuwa tupu. Waliomfuata mwanzoni walikuwa vijana wa mahipi, wenye nywele ndefu na bangi mfukoni. Miaka mitatu baadaye wimbo wa Hare Krishna ulikuwa umerekodiwa na kampuni ya Beatles, na George Harrison akawa rafiki wa chama. Hadi mzee anafariki, 14 Novemba 1977 kule Vrindavan, wafuasi wake wanahesabu mahekalu 108 aliyoyaacha duniani.

Turudi Kenya, kwa sababu huo mwaka wa 1971 haukuwa mwaka wa kawaida kwa Wahindi. Serikali ya Mzee Kenyatta ilikuwa imepitisha sheria mbili 1967, ya uhamiaji na ya leseni za biashara. Mtu asiyekuwa raia alizuiwa kufanya biashara nje ya maeneo fulani ya miji mikubwa, na bidhaa nyingi alikatazwa kuziuza kabisa. Miji midogo ndiyo iliguswa sana. Uliza wazee wa Karatina au Murang'a, watakuonyesha majengo ya mawe yenye veranda mbele na uani nyuma, wakuambie hapa palikuwa kwa Mhindi fulani. Maelfu walipanda ndege kwenda Uingereza 1968 kabla Waingereza nao hawajafunga mlango. Mwaka mmoja tu baada ya ziara ya Prabhupada, Idi Amin akawafukuza wa Uganda.

Kwa hivyo piga picha. Wahindi wa Kenya wana hofu, wengine wanapaki, na Waafrika wengi wanawaona kama watu waliokaa hapa vizazi vitatu bila kutukaribisha chai. Katika hali hiyo anakuja swami kutoka kwao, wanampokea kwa mashada ya maua, halafu anawaambia wanafunzi wake Wazungu kazi yao Afrika si kuwahubiria Wahindi matajiri sebuleni. Waende kwa Waafrika.

Nao walienda. Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni Kamukunji. Wanafunzi wake walisimama chini ya mti mkubwa kwenye uwanja ule, mahali penye historia ya kupigania uhuru, wakaanza kupiga ngoma na kuimba. Umati ukakusanyika, wengine wakaingia kucheza. Kijana mmoja akajitokeza mwenyewe kutafsiri hotuba kwa Kiswahili. Kisha wakagawa vitamu vya vipunje vya unga wa dengu vinavyoitwa, nisikilize vizuri, bundi. Yaani umekuja nchi ya watu wanaomwogopa bundi kuliko polisi, unawaambia karibuni mle bundi, na watu wanakula na kufurahi! Miaka 19 baadaye uwanja huo huo ndio ulioitishiwa mkutano wa Saba Saba, lakini hiyo ni ngoma nyingine.

Mtu wa huku akiisikia hiyo ya mti anaielewa bila kuelezwa. Wazee wetu walisali chini ya mugumo, uso ukielekea Kirinyaga, mikono juu. Mungu anayekaa mlimani na ibada ya chini ya mti si mambo ya kutushangaza.

Shida inaanza ukifika kwenye masharti. Mwanafunzi wa Prabhupada anaahidi mambo manne. Hali nyama, samaki wala mayai. Hachezi kamari. Hafanyi ngono nje ya ndoa, na hata ndani ya ndoa iwe kwa ajili ya kupata watoto. Na hatumii kileo. Juu ya hayo, anataja majina ya Mungu kwa tasbihi ya punje 108, mara 16 kila siku.

Niliwasomea haya vijana wenzangu pale Ruring'u, tukacheka mpaka machozi. Halafu kicheko kikaisha, kwa sababu ukiondoa hilo la nyama, masharti haya yanagusa pale pale tunapoumia. Kamari tunaijua. Simu ya mkononi imekuwa kasino, na kuna vijana wanaokesha wakisubiri timu ya Norway ifunge kona. Pombe ndiyo usiseme. Februari 2024 kijiji cha Kangai, Kirinyaga, kilizika watu zaidi ya kumi waliokunywa pombe yenye sumu. Makanisa yanahubiri, machifu wanamwaga mitungi, wanasiasa wanapiga kelele, na bado kila asubuhi kuna mtu amelala mtaroni. Wale mahipi wa New York walikuwa na shida kama hii, ya dawa tu, na wengi wao waliacha. Hawakuachishwa na askari. Walipewa mahali pa kukaa, chakula cha moto, kazi ya kufanya alfajiri na watu wa kuimba nao. Hilo ndilo ningependa mtu alifikirie kwa makini huku kwetu, hata kama hataki kusikia jina la Krishna.

Chakula chenyewe hakingetushinda. Siku nyingi za wiki Mkikuyu wa kawaida hali nyama. Ni githeri, mukimo, ndengu, njahi, na chapati ambayo hata hiyo tulifunzwa na Wahindi. Kosa la githeri yetu lingekuwa kitunguu, maana wafuasi hawa hawapiki kwa kitunguu wala saumu. Nyama kwetu ni ya sherehe, na ya kule Kamakwa mwisho wa mwezi. Lakini nenda ukawaambie wazee ruracio itafanywa bila mbuzi, uone kama utatoka kwenye hiyo boma na mke.

Kinachonishinda mimi ni kile kifungu cha kileo, kwa sababu ndani yake mzee aliingiza chai na kahawa. Chai na kahawa! Othaya, Tetu na Mathira wangekula nini? Kuna watoto hapa walisomeshwa na kiwanda cha Chinga, na kuna wengine walisomeshwa na Ragati. Guru angekuja Nyeri 1971 badala ya kuishia Nairobi, angehubiri akiwa amezungukwa na mashamba ya dhambi pande zote.

Sasa lile gumu. Ukimwandikia mtu sifa peke yake, umemdanganya msomaji. Mtu huyu aliyeagiza milango ifunguliwe kwa Waafrika ndiye pia, Februari 1977 huko India, alirekodiwa akisema kuhusu watu weusi wa Marekani kwamba walipokuwa watumwa walikuwa chini ya udhibiti, na kupewa haki sawa kumeleta fujo. Rekodi hiyo haikutolewa na adui zake. Wafuasi wenyewe wameihifadhi na kuichapisha pamoja na maneno yake mengine, na kuna mengine kuhusu wanawake ambayo dada yangu aliyasoma akanirudishia simu bila kusema kitu.

Nimekaa na hizo stori mbili, ya mlango na ya rekodi, nikijaribu kuona moja ikiifuta nyingine. Haiwezekani. Wapo wanaosema alikuwa mtu wa zama zake, lakini Kamukunji pia ilikuwa zama zake, na pale alijua la kufanya.

Na baada ya kufa kwake mambo yaliharibika zaidi. Baadhi ya wanafunzi waliorithi uongozi walianguka vibaya. Shule za bweni za chama zilikuwa na watoto waliopigwa na kunajisiwa. Mwaka wa 1998 jarida la chama chenyewe lilichapisha utafiti uliokiri hayo, na 2000 waathiriwa wakashtaki kule Texas, kesi iliyoishia kwa fidia ya mamilioni ya dola. Hiyo ilihusu shule za ng'ambo, lakini mzazi yeyote anayempeleka mtoto kwa mtu wa Mungu, wa dini yoyote, anafaa kuijua.

Upande mwingine kuna mtu kama Bhakti Tirtha Swami, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Cleveland 1950 katika familia maskini, akasoma Princeton, akawa guru wa kwanza mweusi katika chama hiki na kuhubiri miaka mingi Afrika Magharibi hadi alipofariki 2005. Huyo aliingia kwa mlango ule ule.

Hekalu lao la Nairobi liko Ngara. Ukitoka Nyeri asubuhi ya Jumapili unafika mchana bila haraka, na ibada ya Jumapili iko wazi kwa mtu yeyote. Unavua viatu nje, unakaa sakafuni, unaimba ukitaka au unanyamaza, kisha unapewa chakula bila kuulizwa jina wala kabila. Nilimhadithia shosho yangu nilipotoka huko. Akasikiliza yale masharti manne, akaafiki la pombe, akaafiki la kamari, la ndoa akaangalia pembeni. Tulipofika kwenye chai akaniuliza kama huyo mzee aliwahi kuamka saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba hapa Tetu. Nikamwambia aliamka mapema zaidi, saa nane usiku, akatafsiri vitabu hadi kupambazuke. Shosho akafikiria kidogo, akasema basi labda, na akaweka sufuria ya chai jikoni.