Kuta za Mexico zinazosema: Njoo tuzizunguke kwa miguu

Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Hata hivyo, kuna mji mmoja ambapo mtembezi hula kwa macho, tena akashiba. Mji huo ni Mexico City, mji mkuu wa nchi ya Mexico, na chakula chenyewe ni picha kubwa zilizochorwa kwenye kuta za shule, ofisi za serikali, soko na hata ikulu.

Je, msomaji, umewahi kujiuliza kwa nini picha nyingi mashuhuri duniani hufungiwa katika nyumba za matajiri? Picha ya fremu hununuliwa, ikabebwa, ikafichwa. Lakini ukuta haubebwi kwapani. Anayetaka kuutazama lazima aufuate ulipo, awe waziri au mchuuzi wa mboga. Hiyo ndiyo sababu matembezi haya yana maana, na ndiyo sababu picha hizi zimezua ugomvi mkali.

Ukipata kiongozi wa watalii anayeyajua mambo, atakupitisha mwendo wa kilomita tatu hivi au zaidi kidogo. Vaa viatu vya kutembelea, si vya harusi. Mji huu uko mita 2,240 hivi juu ya bahari, juu kuliko Nairobi, kwa hivyo anayetoka Mombasa asione haya kupumzika kila baada ya ngazi. Beba maji, na kama ni kati ya Juni na Septemba beba mwavuli, maana mvua hupenda kunyesha alasiri. Usiende Jumatatu, kwa sababu majumba mengi ya makumbusho hufungwa siku hiyo.

VITA VILIPOKWISHA

Kabla hamjaondoka, kiongozi atakueleza kisa chenyewe. Mwaka wa 1910 Wamexico waliinuka dhidi ya Porfirio Díaz, mtawala aliyekuwa amekalia kiti kwa miongo mitatu. Yaliyofuata ni mapigano ya miaka kumi hivi yaliyoua watu wengi mno. Moshi ulipotulia, serikali mpya ilijikuta na taifa lililochoka, ambalo watu wake wengi hawakujua kusoma wala kuandika.

Mwaka wa 1921 José Vasconcelos alifanywa waziri wa elimu ya umma. Alijenga shule, akachapisha vitabu, akatuma walimu vijijini. Vile vile aliwaita wachoraji na kuwapa kuta za majumba ya umma. Asiyeweza kusoma kitabu, basi na asome ukuta.

Watatu kati ya wachoraji hao ndio waliovuma zaidi: Diego Rivera, José Clemente Orozco na David Alfaro Siqueiros. Usidhani walikuwa na sauti moja. Rivera alipenda rangi na umati wa watu. Orozco, ambaye ajali ya baruti ilimpotezea kiganja cha mkono wa kushoto akiwa kijana, aliitazama vita kwa uchungu. Siqueiros alikuwa askari katika mapinduzi, na baadaye siasa zake zilimpeleka jela zaidi ya mara moja.

SHULE ILIYOWAKATAA WACHORAJI

Kituo cha kwanza ni San Ildefonso, jumba la kale lililokuwa chuo cha mapadri wa Kijesuti kabla ya kugeuzwa shule ya maandalizi ya serikali. Hapa ndipo Rivera alipochora ukuta wake wa kwanza mwaka wa 1922. Mwaka huo huo msichana mmoja aitwaye Frida Kahlo aliingia hapa kama mwanafunzi. Baadaye alikuja kuwa mke wa Rivera, na mchoraji mashuhuri kwa haki yake mwenyewe.

Kisha itazame kazi ya Orozco. Katika picha iitwayo Handaki utaona wanaume watatu wakiwa wamebanana, nyuma yao rangi nyekundu. Mmoja amepiga magoti na kuuficha uso wake. Hakuna bendera, hakuna jemadari juu ya farasi. Orozco hakutaka kuwadanganya vijana kwamba vita ni sherehe.

Lakini je, wanafunzi walifurahi? La hasha! Mwaka wa 1924 baadhi yao walizishambulia picha hizo na kuziharibu. Orozco na Siqueiros wakasimamishwa kazi. Orozco aliitwa tena mwaka wa 1926 akamalizia, ilhali kazi ya Siqueiros katika ngazi za ua mdogo haijakamilika hadi leo. Mwombe kiongozi akuonyeshe ngazi hizo. Ukuta uliokatizwa nao husema.

CHOKAA HAINGOJI MTU

Kutoka hapo geukeni mashariki kuelekea soko la Abelardo Rodríguez, lililojengwa mwaka wa 1934. Hili si jumba la makumbusho. Ni soko hasa, lenye nyanya, pilipili, kelele na watu wenye haraka. Inua macho juu ya vibanda. Kuta na dari zilichorwa na kikundi cha wasanii vijana chini ya usimamizi wa Rivera. Miongoni mwao walikuwa madada wawili kutoka Marekani, Marion na Grace Greenwood. Ghorofani, Isamu Noguchi, msanii Mmarekani ambaye babake alikuwa Mjapani, aliacha kazi ya saruji na matofali yenye urefu wa zaidi ya mita 20.

Baadhi ya picha hizi zimeharibiwa na unyevu na miaka. Hilo ndilo gharama ya sanaa inayoishi sokoni. Hata hivyo, mama anayepima maharagwe chini yake huiona kila siku bila kununua tikiti. Ni wachoraji wangapi duniani wanaoweza kujivunia jambo hilo?

Pengine mtoto wako atauliza: mbona rangi haikubanduka kwa miaka yote hiyo? Mweleze hivi. Nyingi za picha utakazoona leo zilichorwa kwa njia ya fresko. Fundi hupaka ukuta chokaa mbichi, na mchoraji hupaka rangi iliyosagwa ndani ya maji wakati chokaa ingali na unyevu. Chokaa ikikauka huishika rangi ndani yake, ikawa kitu kimoja na ukuta. Wale wanaozijua nyumba za kale za Lamu wanaijua nguvu ya chokaa. Kwa sababu haimngoji mtu, fundi hupaka kipande tu kinachoweza kumalizwa siku hiyo. Mchoraji akikosea, hana budi kubandua kipande kizima na kuanza upya. Ukiikaribia picha na kutazama kwa makini, wakati mwingine utaona mishono ya siku moja na nyingine.

MWALIMU CHINI YA ULINZI

Rudini magharibi hadi jumba la Wizara ya Elimu, ambapo Rivera alifanya kazi kati ya 1923 na 1928. Nyua mbili, ghorofa tatu, na zaidi ya vipande 200 vya michoro. Usijaribu kuvitazama vyote, utapatwa na kizunguzungu. Chagua viwili.

Cha kwanza ni cha wachimba migodi wanaotoka chini ya ardhi. Mmoja amesimama na kunyoosha mikono huku akipekuliwa asije akaiba madini. Mtazame alivyosimama, kisha ukumbuke picha ya Yesu msalabani. Kila Mmexico aliyezoea kanisa alielewa.

Cha pili ni cha mwalimu wa kijijini. Mama ameketi chini, kitabu mkononi, akizungukwa na wanafunzi wadogo kwa wazee. Karibu nao yuko mtu juu ya farasi, na bunduki yake. Je, analinda nini? Analinda darasa! Wazazi mnaohangaika na karo, simameni hapa kidogo. Hapa elimu imechorwa kama mali ya kulindwa, mfano wa shamba lenye mazao.

Ukitoka, kata kusini hadi uwanja mkuu wa mji, Zócalo. Upande wa mashariki iko Ikulu ya Taifa, na juu ya ngazi zake kuu Rivera alichora historia ya nchi nzima kati ya 1929 na 1935. Upande wa kulia utaona maisha kabla ya Wahispania kufika. Katikati kuna vita vya kuuteka mji wa Waazteki, ulioanguka mwaka wa 1521, na upande wa kushoto ni matumaini ya Rivera ya siku zijazo, akiwemo Karl Marx, maana Rivera alikuwa mkomunisti na hakuficha. Kwa kuwa hii ni ofisi ya rais, wageni hawaruhusiwi nyakati zote. Muulize kiongozi wako mapema.

PICHA ILIYOVUNJWA NEW YORK

Sasa shikeni barabara ya Madero, ambayo hutumiwa na watu wa miguu tu. Baada ya kilomita moja hivi mtalikuta jumba jeupe la mawe ya marumaru, Bellas Artes. Lilifunguliwa mwaka wa 1934, na ni zito kiasi cha kuzama polepole katika udongo laini, kwani mji huu ulijengwa penye ziwa.

Ndani kuna picha ya Rivera yenye kisa cha ajabu. Mwaka wa 1933 alikuwa akiichora jijini New York, katika jumba la familia tajiri ya Rockefeller. Akatia humo sura ya Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi. Akaombwa aiondoe. Akakataa. Wenye jumba walimlipa pesa zake zote, wakamtoa, wakaifunika kazi hiyo, na mwezi wa Februari 1934 ikavunjwa. Lakini msaidizi wake, Lucienne Bloch, alikuwa amekwisha kuipiga picha kwa siri. Mwaka huo huo Rivera aliichora upya hapa, na safari hii akamwongeza John D. Rockefeller Mdogo akiwa katika anasa, glasi mkononi.

Hapa muulize mwanao: nani alikuwa na haki? Mwenye ukuta aliyelipa, au mwenye mkono aliyechora? Usiharakishe kumpa jibu.

NDOTO YA JUMAPILI

Kituo cha mwisho kinafaa gazeti la leo. Vukeni bustani ya Alameda hadi upande wake wa magharibi. Humo katika jumba dogo la makumbusho imo picha ya Rivera ya mwaka wa 1947, yenye upana wa mita 15 hivi, iitwayo Ndoto ya Jumapili alasiri katika bustani ya Alameda. Katikati amesimama mwanamke wa mifupa mitupu, kavalia kofia ya fahari. Amemshika mkono mtoto mnene mwenye chura mfukoni. Mtoto huyo ni Rivera mwenyewe, na nyuma yake ni Frida.

Hata ndoto hii ilizua vita. Mmoja wa watu waliochorwa alishika karatasi iliyosema kwamba Mungu hayupo. Waumini walikasirika, wanafunzi wakayakwangua maneno hayo, na hoteli iliyokuwa na picha hiyo ikaifunika kwa miaka. Mwaka wa 1956 Rivera mwenyewe, akiwa mzee na mgonjwa, aliyafuta na kuandika mengine. Alifariki mwaka uliofuata. Kisha tetemeko la Septemba 1985 likaiharibu hoteli vibaya, lakini ukuta wenye picha ukanusurika. Ukahamishwa mzima mzima, ukajengewa jumba hili lililofunguliwa mwaka wa 1988.

Fikiria hayo, msomaji. Ukuta uleule ulikwanguliwa na waliouchukia, na baadaye ukabebwa kwa uangalifu na waliouthamini. Ukitoka nje utazikuta familia za Mexico bustanini zikila vitafunio, watoto wakikimbizana kama walivyochorwa. Kaa nao kwenye benchi, uvue viatu, upumzishe miguu. Utakuwa umesoma kitabu kizima bila kufungua ukurasa.