Mapokezi ya Wageni katika Jumuiya za Programu Huria

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna jumuiya za programu huria zinavyowapokea wageni wanaoomba msaada, chimbuko la ukali uliozoeleka, na taratibu zilizobuniwa kuurekebisha. Hoja kuu ni kwamba mapokezi ni sharti la uhai wa programu ambazo taasisi za umma huzitegemea.

1.0 Utangulizi

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Leseni humpa mgeni haki hizo, lakini haimpi mtu wa kumjibu anapokwama. Msaada hutoka kwa wanajumuiya, ambao wengi wao hujitolea. Kwa hiyo, jibu la swali la kwanza huweza kuamua iwapo muulizaji atakuwa mchangiaji au ataondoka kimyakimya.

2.0 Chimbuko la Ukali

Kwa miaka mingi, mgeni aliyeuliza swali la msingi aliamriwa akasome mwongozo, pengine kwa tusi. Mwaka 2001, Eric Raymond alisambaza mashauri kuhusu namna bora ya kuuliza: mgeni atafute kwanza, aeleze alichojaribu, na ataje toleo la programu pamoja na ujumbe wa kosa. Mashauri hayo yana mantiki, kwani watunzaji wachache hukabiliwa na swali lilelile mara nyingi. Hata hivyo, yanamtwika mgeni sehemu kubwa ya mzigo. Anayeanza huenda hajui hata jina la tatizo lake, hivyo hana neno la kulitafutia. Na asiyemudu Kiingereza hutwishwa mzigo maradufu.

Mfano ulio maarufu zaidi ni kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Mnamo Septemba 2018, Torvalds aliomba radhi hadharani kwa lugha yake kali, akapumzika kwa muda, na mradi ukapitisha kanuni mpya za maadili.

3.0 Kutoka Adabu hadi Utaratibu

Ubuntu, iliyoasisiwa na Mark Shuttleworth mwaka 2004, iliweka kanuni za maadili tangu mwanzo. Jina lake, lenye asili katika lugha za Kinguni, lina shina moja na neno la Kiswahili utu. Lakini kanuni huzuia matusi tu. Hazimpi mgeni kazi. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe hilo, katika miradi mingi, ni kazi ndogo zilizowekewa alama ya kumfaa anayeanza. Google Summer of Code, tangu mwaka 2005, humkabidhi mgeni kwa mlezi na kumlipa posho. Outreachy, iliyochipuka katika mradi wa GNOME mwaka 2006, hufanya vivyo hivyo kwa makundi yenye uwakilishi mdogo.

4.0 Ukarimu na Tahadhari

Mwaka 2024 iligundulika kwamba mchangiaji asiyejulikana, aliyejijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili katika mradi mdogo wa XZ, alikuwa amepenyeza mlango wa siri ndani ya msimbo. Tukio hilo halithibitishi kwamba wageni ni hatari. Mradi huo ulimtegemea mtunzaji mmoja aliyeelemewa, na hapakuwa na jicho la pili la kukagua. Jumuiya inayowafukuza wageni huzidisha upungufu huohuo.

5.0 Hitimisho

Suala hili linaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Kenya, Tanzania na Uganda hutunza takwimu za afya kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Nchi zisizo na wachangiaji hubaki watumiaji wa kusubiri marekebisho ya wengine. Mradi wa Kilinux, uliotafsiri OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, ulionesha kuwa lugha si kikwazo kisichoondolewa. Inapendekezwa kwamba serikali zinazotumia programu huria zitenge saa za kazi za wataalamu wake kwa ajili ya kujibu maswali na kukagua michango. Vyuo vikuu vihesabu michango hiyo kuwa mafunzo kwa vitendo. Na miongozo ya wanaoanza iandikwe kwa Kiswahili. Kuuliza si ujinga, ila sharti awepo mwenye wasaa wa kujibu.