Mbwa wangu alikuwa anaogopa hata ndoo: jinsi nilivyomfundisha kuogelea pale Kawe

Leo siasa tuziweke pembeni, na Simba na Yanga nao wapumzike kidogo.

Kuna mshikaji wangu mmoja hapa Mwenge alinikuta asubuhi na mapema natoka na mbwa, taulo begani. Akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda Kawe kumfundisha mbwa kuogelea. Jamaa alicheka mpaka chai ikamwagika. "We naye! Mbwa si anazaliwa anajua?"

Hilo swali nimeulizwa na watu wengi mno, ndiyo maana nimeona niliandike vizuri. Jibu fupi ni hapana. Mbwa wengi ukiwatia majini wanapiga miguu, hiyo ni kweli. Ila kupiga miguu na kuogelea ni vitu viwili tofauti, kama vile kushika usukani na kuendesha gari.

Kilichonifanya nianze

Mbwa wangu anaitwa Tomi. Ni mbwa wetu wa kienyeji, wa rangi ya udongo, masikio yamesimama, hana ukoo wa Ulaya wala cheti. Kama mbwa wengi wa Dar, alikuwa anafungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku alinde nyumba.

Mnakumbuka masika ya 2024. Mvua zile hazikuwa za mchezo. Tarehe 25 Aprili mwaka ule Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliliambia Bunge kuwa watu 155 wamekwishafariki nchi nzima kwa mvua na mafuriko. Sisi tunaokaa upande wa bonde la mto Mlalakuwa tunajua maji yakianza kupanda hayasubiri mtu avae viatu.

Siku moja alasiri nilikuwa kwenye mizunguko yangu, nikapigiwa simu kwamba maji yameingia uani. Nilipofika yalikuwa yananifika kiunoni. Banda la Tomi limefungwa kwa komeo, yeye yuko ndani amesimama kwa miguu ya nyuma, pua juu, hata sauti ya kubweka hana. Na mimi niliyekwenda kumwokoa, nikiri tu hapa mbele yenu, nilikuwa sijui kuogelea hata hatua moja. Mtoto wa Dar, bahari ninaiona karibu kila wiki, sijui kuogelea! Jirani yangu alipita juu ya ukuta, akavunja komeo kwa nondo, Tomi akatoka. Mimi nilibaki nimeshikilia mti wa mwembe.

Toka siku ile, ukishika ndoo tu Tomi anajificha. Mvua ikinyesha anatetemeka mpaka meno yanagongana.

Mbwa haogopi maji, anaogopa aliyeyarusha

Nilipoanza kufikiri vizuri nikagundua mafuriko yalimalizia tu kazi ambayo ilishaanza. Hebu tuseme ukweli: mtaani kwetu mbwa anakutana vipi na maji? Akipita mlangoni kwa watu anamwagiwa ndoo. Akisogea kwa mama ntilie anamwagiwa ukoko wa moto. Siku ya kuogeshwa dawa ya kupe anakamatwa na watu watatu, mmoja shingo, wawili miguu. Kwa hiyo kwa mbwa wa Bongo maji ni fimbo.

Wataalamu wa tabia za mbwa wanasema mtoto wa mbwa anazoea vitu vya dunia kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 hivi tangu azaliwe. Alichokutana nacho kwa wema kipindi hicho hakiogopi ovyo ukubwani. Tomi kipindi hicho alikuwa anamwagiwa ndoo.

Ndiyo maana ule ushauri wa kijiweni wa "mtupe tu, atajua mwenyewe" ni sumu. Hata binadamu wengi walifundishwa hivyo, wakatupwa na kaka zao, na mpaka leo wakifika ufukweni wanaishia kupiga picha. Ukimtupa mbwa anaweza kufika nchi kavu, sawa. Lakini atakuwa amejifunza mambo mawili tu: maji yanaua, na wewe si wa kuaminika. Tena tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kumtesa mnyama ni kosa. Usije ukasema hukuambiwa.

Hatua ya kwanza: beseni

Sikuanza baharini. Nilianza uani, na beseni la kufulia. Siku za kwanza halina maji, naweka ndani vipande vya pupu la kuchemsha, nakaa mbali, najifanya nasoma gazeti. Siku ya tatu akaingiza miguu miwili. Baadaye nikaweka maji ya kufunika kucha tu. Nikaongeza kidogo kidogo.

Sheria niliyojiwekea ni moja: simshiki, simsukumi, simvuti. Akitoka, ametoka. Hii hatua ilinichukua karibu wiki tatu na majirani walishaanza kusema nimechanganyikiwa. Ila siku aliyojilaza mwenyewe kwenye beseni kwa sababu ya joto la Januari, nilijua tumeshinda nusu ya vita.

Hatua ya pili: kufika pwani bila kugombana na watu

Kwenye daladala mbwa hapandi, kwa hiyo ni mguu. Tunashuka barabara ya Cocacola hadi barabara ya zamani ya Bagamoyo, halafu tunaelekea Kawe. Ni mwendo wa saa moja na ushee.

Muda ule kuna watu wanatoka swala ya alfajiri. Kwa Waislamu mbwa aliyelowa akikugusa ni najisi, inabidi mtu akajitwaharishe upya. Kwa hiyo mbwa yuko kwenye kamba fupi, tunapita upande wa pili wa barabara, na wakati wa kurudi simwachi ajikung'ute maji karibu na mtu. Heshima hiyo haigharimu kitu. Na kabla ya yote hayo hakikisha ana chanjo ya kichaa cha mbwa, inayorudiwa kama bwana mifugo atakavyokwambia. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa binadamu, kupona ni karibu haiwezekani. Hapo hakuna utani.

Kuna watu waliniuliza kwa nini nisitumie mto au dimbwi la karibu. Ndugu zangu, maji machafu yaliyosimama au yanayopita kwenye mitaro yana mkojo wa panya, na mkojo wa panya una vijidudu vya homa ya mgunda, ile iliyotangazwa kule Lindi mwaka 2022 ikaua watu. Mbwa anaipata, na wewe unaipata.

Hatua ya tatu: kujua maji

Hapa nilisaidiwa na mzee mmoja mvuvi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akatuangalia, mimi na mbwa wangu wote tumesimama mbali na maji. Akasema, "Mjukuu wangu, kati yenu nani anayemwogopesha mwenzake?"

Nilishindwa kujibu. Akanifundisha mambo ambayo mtoto wa Mwenge kama mimi nilikuwa siyajui.

Maji ya bahari yetu yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita kati ya kujaa na kupwa, na kila siku muda unasogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama kunakuwa na bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na mkondo una nguvu. Katikati ya hapo, kama siku 7 baada ya bamvua, ni maji mafu, yametulia. Mwanafunzi, awe mbwa au mtu, aende siku za maji mafu, asubuhi kabla upepo haujaamka, wakati maji yanaanza kujaa. Yakijaa yanakusukuma nchi kavu. Yakipwa yanakuvuta nje. Kitu rahisi, lakini ndicho kinachomaliza watu.

Akaongeza: "Kama mwenye mbwa hajui kuogelea, mbwa akipatwa na shida watazama wawili." Wazee, hiyo sentensi ilinikaa. Nilimwomba anifundishe. Kwa hiyo kuanzia wiki ile tulikuwa wanafunzi wawili.

Hatua ya nne: majini

1. Ingia wewe kwanza, ukae chini. Usisimame ukaita "njoo njoo" kama kondakta. Mimi nilikaa kwenye maji ya kunifika tumboni, nikamgeuzia mgongo Tomi. Alilia ufukweni dakika kumi hivi. Halafu nikasikia pua yake begani kwangu. Sikusema neno, nikampa pupu.

2. Mfunge mkanda wa kifuani, siyo wa shingoni. Kamba ya shingoni majini inaweza kumnyonga. Kamba iwe mkononi mwako wakati wote, isiburute ikanasa kwenye mawe. Ukipata jaketi la kujiokolea la mbwa, bora zaidi.

3. Mwelekeze nchi kavu kila mara. Usimvute kwenda kina kirefu. Mpeleke taratibu mpaka miguu inaanza kuelea, mgeuze atazame ufukwe, halafu aogelee hatua mbili tatu kurudi anakotaka kwenda mwenyewe. Anajifunza kwamba akipiga miguu anafika nyumbani.

4. Mshike kwa chini ya tumbo, karibu na nyonga. Hii ndiyo siri kubwa. Mbwa mwoga ananyanyua kichwa juu kabisa. Kichwa kikipanda, makalio yanazama, anakuwa wima kama anapanda ngazi, anapiga miguu ya mbele peke yake, maji yanarukaruka kila upande. Anachoka kwa sekunde chache na haendi popote. Ukimnyanyua nyonga, mgongo unalala sawa, miguu ya nyuma nayo inaanza kazi. Ukiona kelele za maji zimekwisha na anakwenda kimya kimya, basi anaogelea.

5. Dakika mbili, pumziko. Tena dakika mbili, basi, mnaondoka. Makalio yakianza kushuka tena ujue amechoka, mtoe hata kama wewe ndiyo kwanza umenoga.

6. Beba maji ya kunywa. Mbwa akinywa maji ya chumvi anatapika na kuharisha, na yakizidi yanaweza kumuua. Mkirudi msuuze kwa maji baridi ya bomba na umkaushe masikio.

Na siyo kila mbwa wa kufundishwa. Wale wenye pua iliyobonyea, kichwa kizito na miguu mifupi, kama buldogi na pagi, wengi wanazama kama jiwe na pumzi yenyewe ni ya shida. Hao waacheni kwenye beseni.

Siku yenyewe

Ilikuwa safari yetu ya tisa. Nimemshika nyonga kama kawaida, nikasikia mkono wangu hauna uzito. Tomi alikuwa ameshakwenda. Kimya, masikio nyuma, kama hatua kumi na tano hivi mpaka mchangani. Akajikung'uta, akageuka kuniangalia, halafu, sikutegemea, akaingia tena majini kunifuata. Mzee wangu alikuwa anashona nyavu, akapiga makofi mara moja tu akaendelea na kazi yake.

Mimi nilichelewa kidogo. Ilinichukua wiki nne zaidi. Mbwa alinizidi darasani, semeni mnachotaka, teh teh teh.

Msije mkanielewa vibaya

Kuogelea siyo dawa ya mafuriko. Maji ya mafuriko yana mabati, miti, nyaya za umeme, na nguvu ambayo hata mwogeleaji wa Olimpiki haiwezi. Siku ile ya Aprili kilichotaka kumuua Tomi hakikuwa kutojua kuogelea, lilikuwa komeo nililolifunga mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Kwa hiyo kabla hujaenda Kawe, Kunduchi, Kigamboni au popote, kalitazame banda lako. Limejengwa juu ya tofali za kutosha? Jirani anajua kulifungua wewe ukiwa kazini? Masika yakianza, langu halina komeo tena.

Alichopata Tomi ni kingine. Mvua ikinyesha sasa hatetemeki. Anakaa kibarazani anaiangalia. Nikishika ndoo anakuja kuchungulia kama kuna pupu ndani. Na watoto wa jirani waliokuwa wanamwagia mbwa maji kwa kujifurahisha, siku hizi wananiuliza kama na wao naweza kuwapeleka Kawe. Nimewaambia waombe ruhusa kwa mama zao kwanza, halafu twende kwa mzee, yeye ndiye mwalimu.

Kama nawe una mbwa mwoga, au wewe mwenyewe ndiye mwoga, tiririka hapo chini tusaidiane. Wale mnaojua kuogelea tangu utotoni mkicheka, chekeni polepole.

Nawasilisha.