Kufilisika: mulango uko wazi mbele deni halijakuangusha

Kwetu neno kufilisika ni kama matusi. Mufanyabiashara akilemewa na madeni, anazima telefone, anafunga duka usiku, anahama muji. Wadai nao wanakimbizana nani atabeba mali wa kwanza. Mwishoni wengi hawalipwe, na wafanyakazi wanabaki bila kazi. Sheria ya sasa inaweza kuzuia hayo, lakini naona wenye kuijua ni wachache.

Inchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012. Mbele ya hapo tulikuwa tungali na dekreti ya 1934, ya wakati wa ukoloni. Tarehe 10 septemba 2015, kule Grand-Bassam, OHADA iliandika upya sheria yake juu ya biashara zenye kulemewa na madeni. Ilianza kutumika tarehe 24 desemba 2015. Tushike mambo ine:

1. Haiko tena ya wachuuzi na makampuni peke yao. Fundi, mukulima, avoka, kila mwenye kazi ya kujitegemea anaingia ndani.

2. Kuko upatanisho wa siri. Unaomba kwa prezida wa tribinali, anakupa mupatanishi wa kuongea na wadai wako. Miezi 3, na inaweza kuongezwa 1.

3. Kuko mapatano ya kuzuia kufilisika. Juji akifungua dosie, wadai hawawezi kukukamatia mali kwa miezi 3, pia na 1 ya kuongeza.

4. Biashara ndogo ina njia nyepesi: isiyopita wafanyakazi 20, na mauzo ya mwaka yasiyopita milioni 50 za franga CFA, ni kusema karibu euro 76.000.

Lakini sikilizeni vizuri: milango ya 2 na ya 3 ni ya mutu ambaye hajasimamisha malipo. Kusimamisha malipo ni nini? Ni pale deni lenye kufika siku yake haliwezi kulipwa na pesa uliyo nayo. Tuseme kesho unapaswa kulipa dola 5.000, na kwenye kesi muko 2.000 tu. Kama mudai anakubali kungojea, ao banki ingali inakukopesha, bado hujasimama. Kama hapana, umesimama, na una siku 30 za kutangaza kwenye tribinali. Hata hapo biashara yenye bado nguvu inaweza kuinuliwa. Ile isiyo na nguvu inauzwa na wadai wanagawana kwa utaratibu. Mwenye kunyamaza bila sababu anaweza kuazibiwa.

Njo maana ninawaomba, ninyi wenye kufungua biashara kiisha masomo: kila mwisho wa mwezi andikeni madeni yenye kukaribia na pesa iliyopo. Siku hesabu inaanza kukataa, muende kumuona avoka siku ile ile. Kuomba musaada mapema haiko haya. Kungojea njo kunaua biashara.