Vidonda vya mdomoni visivyopona: Hizi hapa sababu zake na wakati wa kumuona daktari

Ukiwa na kidonda mdomoni, hata chai ya asubuhi inageuka adhabu. Vidonda vingi, vile vidogo vyeupe au vya njano vyenye duara jekundu pembeni, haviambukizi na hupona vyenyewe ndani ya wiki 1 hadi 2. Tatizo linaanza pale kidonda kinapogoma kupona, au kila kikipona kinatokea kingine.

Hizi ni baadhi ya sababu:

1. Kitu kinachokwaruza
Jino lililovunjika au meno bandia yasiyokaa vizuri husugua sehemu ileile kila siku. Hapa utapaka dawa mpaka uchoke. Dawa ni kurekebisha jino.

2. Upungufu mwilini
Mwili ukikosa madini ya chuma, foliki asidi au vitamini B12, vidonda hurudi mara kwa mara. Kipimo cha damu huonyesha tatizo.

3. Kinga kushuka
Fangasi huacha utando mweupe kwenye ulimi na mashavu kwa ndani. Hali hii inaweza kumpata mwenye kisukari au VVU, kwa hiyo ni vizuri kupima. Lakini si kila mwenye vidonda ana VVU.

4. Dawa na magonjwa mengine
Baadhi ya dawa, kama methotrexate, huleta vidonda. Magonjwa ya utumbo pia. Usiache dawa kabla ya kuongea na daktari wako.

5. Saratani ya kinywa
Hatari ni kubwa zaidi kwa wanaotumia sigara, pombe, ugoro, kuberi au tambuu yenye popoo. Mara nyingi kidonda cha saratani hakiumi mwanzoni, ndiyo maana watu huchelewa hospitali.

Ufanye nini?
Sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, kisha utema. Epuka pilipili, ndimu na vyakula vya moto. Usiweke aspirini juu ya kidonda, inaunguza nyama ya mdomo.

Kidonda kikipita wiki 3, kiwe kinauma au hakiumi, nenda kwa daktari wa meno. Usisubiri wiki 3 kama una uvimbe shingoni, kidonda ni kigumu ukikigusa, au unapata shida kumeza.